Naambiwa "hela yako ipo Hazina", ndo wapi huko?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni fundi seremala Morogoro, nilipeleka viti na meza kwenye ofisi moja ya serikali, wakapokea wakasaini, invoisi nimewapa. Tangu hapo kila nikipiga simu mhasibu ananijibu "vumilia fundi, hela ipo Hazina". Sasa huyu Mhasibu Mkuu wa Serikali ndo kaishikilia hela yangu au vipi?

JIBU: Pole sana fundi, mbao umenunua kwa hela yako na vijana umewalipa, halafu unapigwa kalenda. Inauma.

Hazina ndo Wizara ya Fedha, na Mhasibu Mkuu yupo hapohapo, kazi yake ni kutunza vitabu vya serikali, kusimamia mifumo ya malipo na kuandaa hesabu za majumuisho za serikali nzima ambazo CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakuja kuzikagua. Hakai pale kuchagua seremala gani alipwe leo. Hela yenyewe ipo Mfuko Mkuu wa Hazina, ule uliotajwa kwenye Katiba ibara ya 135, na haitoki hivihivi, lazima Bunge liwe limeidhinisha matumizi na CAG aridhie itoke, hiyo ipo ibara ya 143. Mlipaji Mkuu wa Serikali ni Katibu Mkuu Hazina.

Ila fundi, malipo yako hayaanzii huko juu, yanaanzia kwenye ofisi hiyohiyo uliyopeleka viti. Mhasibu wao anaingiza dai kwenye MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, wakubwa zake wanahakiki na kuidhinisha, na anayebeba dhamana ya matumizi ya taasisi ni Afisa Masuuli wake, yaani bosi wa taasisi. Kwahiyo kama invoisi yako imelala kwenye droo ya mtu hapo Morogoro, Hazina hawajui hata kama upo duniani, na mi naona siyo haki kabisa kumwambia mtu hela ipo Hazina wakati karatasi yake haijaondoka mezani.

Kesho nenda mwenyewe, usipige simu. Uliza dai langu limeingizwa kwenye mfumo, limefika hatua gani, linasubiri idhini ya nani? Wakisema fungu lao la bajeti halijapata hela, sawa, hilo hutokea kweli, fedha hutolewa kwa awamu kadiri makusanyo yanavyoingia. Na LPO, yaani ile hati ya ofisi ya kuagiza mzigo, unayo? Kama ulipeleka mzigo kwa maneno ya simu tu hapo kuna shida kubwa, coz bila LPO ni ngumu kuonyesha kwamba waliagiza.

Usisubiri 30 Juni ikupite, mwaka wa fedha ukifungwa dai linageuka deni la nyuma na madeni ya nyuma yanahakikiwa kwanza na wakaguzi wa ndani ndo yalipwe. Hao wakija watataka LPO, hati ya kupokelea mzigo yenye saini na muhuri, na invoisi, so toa kopi za vyote, orijino baki nazo nyumbani.