Kabla hujamwaga jamvi, angalia kifusi kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kiwanja kipo Goba kwenye mteremko, msingi wa tofali za kulaza umepanda kozi (safu za tofali) 2 upande wa juu na kozi 6 upande wa chini. Fundi anasema mjaze humo udongo uleule mliochimba, mmwagie maji siku mbili, kisha jamvi, yaani sakafu ya zege, limwagwe wiki hiyohiyo. Na ili liwe imara anataka ununue nondo za mm 12 za kutandika nyumba nzima. Unauliza kama hiyo hela ya nondo ni ya lazima.

Hela hiyo ipeleke kwenye kifusi, yaani udongo wa kujazia ndani ya msingi. Nakwambia hivi kwa sababu mwaka 2016 nilipojenga Kinyerezi nilipewa ushauri wa namna hiyo nikaufuata wote, na sebule yangu ilikuja kuvunjwa ndani ya miaka miwili.

Kwangu nako kulikuwa na mteremko. Pembe ya chini, upande wa sebule, ilihitaji kujazwa karibu mita 1. Tipa zilikuja zikamwaga, vijana wakasambaza kwa chepe, kifusi kikafika juu siku moja. Ndipo wakaanza kushindilia kwa gogo, na juu kukawa kugumu kweli, unatembea huoni alama ya kiatu. Nikaridhika. Tukatandika nondo, tukamwaga zege zuri tu, na vigae nikaweka mwaka huohuo.

Masika ya pili vigae vikaanza kulia. Ukigonga na sarafu pale pembeni unasikia uwazi chini. Baadaye ukatokea ufa wa kukata kona, kutoka mlango wa sebule mpaka dirishani, na sakafu ikaachana na ukuta kiasi cha kupitisha kadi ya benki. Kuta zilikuwa salama kabisa kwa sababu zimesimama juu ya msingi wake, na msingi ulikuwa umefika kwenye ardhi ngumu. Kilichoshuka ni kifusi. Tulipovunja kipande nikaingiza mkono mzima kati ya jamvi na udongo. Jamvi lilikuwa linaning'inia hewani na zile nondo zangu ndani yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jamvi la nyumba ya chini halikupigiwa hesabu ya kuning'inia, limelazwa juu ya udongo na linategemea udongo huo kila sehemu. Ukishuka, jamvi linaufuata au linapasuka. Na lile gogo la mkononi linabana sentimita chache za juu tu, mita nzima ya chini inabaki ilivyomwagwa, imejaa hewa, inasubiri maji.

Kwa hiyo anza na udongo wenyewe. Chukua uliochimbwa, ulowanishe kidogo, uvingirishe viganjani kama kamba. Ukifika unene wa penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi, usiurudishe ndani ya msingi hata kama ni wa bure. Mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na hapa Dar tuna masika ya Machi hadi Mei halafu vuli kuanzia Oktoba, kwa hiyo kila mwaka sakafu itapandishwa na kushushwa. Agiza moramu (udongo wenye kokoto ndogondogo) au mchanga wenye changarawe, na simama pale tipa linapomwaga. Vifusi vingine huja na mizizi na majani, na vyote hivyo vikioza huacha mashimo.

Halafu jaza kwa matabaka. Sentimita 15, shindilia, sentimita 15 nyingine, shindilia. Kwa kozi 6 zako, karibu mita 1, ni matabaka 6 au 7, na kila moja lipitiwe na kompakta (mashine ya kushindilia) ya kukodi mara kadhaa. Unyevu nao una kipimo chake: fumbata udongo mkononi, ushikamane kama andazi bila kuchuruzika maji. Ukiwa mkavu haubani, ukiwa tope mashine inazama tu. Karibu na kuta tumia gogo la mkono, usipeleke kompakta kuziegemea, na acha tofali zikomae wiki moja kwanza, maana nimewahi kuona ukuta wa msingi uliosukumwa nje na kifusi chake wenyewe.

Kipimo changu cha mwisho ni kipande cha nondo. Kisimamishe kwenye kifusi, ukisukume kwa nguvu za mikono. Kikizama kirahisi, rudieni tabaka hilo kabla ya kuleta lingine. Mhandisi ana vipimo bora kuliko hiki, ila hata hiki kingeniokoa.

Kuhusu ile imani yetu ya kuacha msingi "upigwe na mvua" msimu mmoja: nimeisikia kwa mafundi wengi na ina ukweli kiasi kwa mchanga, kwa sababu maji hupita kati ya punje zikakaa vizuri. Kwa mfinyanzi inaharibu, unapata bwawa ndani ya msingi. Na hata kwa mchanga haifiki kazi ya kompakta. Ukiamua kuacha, tengeneza njia ya maji kutoka upande wa juu wa kiwanja, yasije yakachimba chini ya msingi wako. Na shimo la maji taka lisogeze mbali na pembe hiyo ya chini.

Zege lenyewe halina siri kubwa. Uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unatosha. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo kwa ndoo ya lita 20 ni mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji kama lita 25. Mchanga ukiwa umelowa, punguza maji. Pigania hayo maji, kwa sababu vijana wakichoka wanaongeza ili zege lijimwage lenyewe, na kila lita ya ziada inapunguza nguvu. Kokoto za Lugoba ni ngumu kuliko zile za mawe ya matumbawe za Kunduchi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake inakula vyuma. Chini tandika nailoni nzito, geji 1000, ili unyevu usipande na vigae visije vikabanduka. Kwa unene wa sentimita 10 hesabu mita za mraba gawa kwa 10 upate ujazo, zidisha kwa 6 na nusu upate mifuko.

Ukishamwaga, mwagilia na ufunike angalau siku 7. Zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na kwa jua letu likikauka mapema linapata vijiufa vya juu kabla hujahamia.

Mwaka 2019 nilijenga vyumba viwili vya uani palepale, hatua chache kutoka kwenye ile sebule. Kifusi cha moramu sentimita 45, matabaka matatu, kompakta siku nzima, nailoni, jamvi la sentimita 10 bila nondo hata moja, nikalikatia kiungo katikati (mkato wa kuelekeza ufa). Mpaka leo hakuna ufa. Ukipenda kuweka kitu ndani ya jamvi, wavu mwembamba wa BRC (wavu wa chuma wa kuwekwa ndani ya zege) unasaidia vijiufa vya kukauka, ila uinuliwe kwa vitofali vidogo vya zege ukae nusu ya juu. Ukilala chini kwenye nailoni haufanyi kazi yoyote. Nondo za mm 12 ziende kwenye mkanda, ile boriti ya zege inayozunguka kuta, huko zinahitajika.

Mwambie fundi wako kwa upole, hana nia mbaya, wengi wamefundishwa hivyo. Kabla hamjaanza kujaza, piga picha ya pembe ile ya kozi 6 na ya udongo mliochimba, uziweke hapa tuone kama unafaa kurudi ndani.