Neno la siri langu lilikuwa jina la mwanangu

Juzi dada mmoja wa Tabora anayeuza asali mtandaoni kaniandikia: "Da'angu, nimeibiwa ukurasa, nifanyeje?" Nilikuwa barazani hapa Mwanga, Kigoma. Chai ikapoa mkononi, kidonda kikafunguka upya.

Mimi nauza dagaa na migebuka ya Kibirizi, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam. Ukurasa wangu niliujenga miaka minne, picha moja moja. Neno la siri? Jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Na kila mwaka nilibandika picha yake na keki, umri umeandikwa juu! Mwizi hakuhitaji utaalamu, alihitaji macho. Tena neno hilohilo lilifungua barua pepe yangu. Alipoingia humo akabadilisha mengine yote, nami nikabaki nje nagonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Siku mbili nzima aliuza dagaa wa hewani kwa jina langu. Mama mmoja niliyemhudumia tangu mwanzo alitoa pesa, hakuona mzigo, akaniita tapeli mbele ya watu. Nilimrudishia kutoka mfukoni mwangu. Hadi leo simu yangu hapokei.

Sasa nisikilizeni. Kwenye neno la siri, urefu unashinda mbwembwe. Tulifundishwa kuchanganya herufi kubwa, namba na alama, tukaandika Kigoma@123 tukajiona wajanja. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo wa 2003 ulioeneza kanuni hizo, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Anajuta yeye, je, mimi?

Nilichofanya: nilichukua kamusi ya mwanangu, nikafumba macho, nikafungua popote, kidole kikaangukia neno. Mara tano, maneno matano nikayaunganisha kuwa neno moja refu la siri. Tuseme yametoka shoka, harusi, mgomba, barafu, liwali (msiibe, ni mfano). Liwali kaenda harusini na shoka, anakata mgomba wa barafu. Upuuzi wa namna hiyo hausahauliki! Methali msitumie, "haba na haba" hata mwizi anaijua.

Barua pepe ipewe neno lake peke yake, maana ndiyo ufunguo wa funguo zote. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani ukishaandika neno la siri unaombwa pia namba inayotumwa kwenye simu yako. Na namba hiyo usimtajie mtu, hata ajiite huduma kwa wateja, hata akikuita mama. Maneno yangu ya siri nimeyaandika daftarini, limelala chini ya vitenge. Watu hunicheka, lakini mwizi wa mtandaoni hana mkono wa kufika sandukuni kwangu. Urefu, jamani, urefu!

Yule dada wa Tabora nilimuuliza neno lake lilikuwa lipi. Akajibu: asali2020.

Nikataka kucheka, nikakumbuka keki.