Uliza Tujibu: Mwanamke akiongoza, faida hupanda?

SWALI: Kikundi chetu cha uwekezaji kinataka kununua hisa. Mwenzetu anashikilia tununue za kampuni zinazoongozwa na wanawake tu, eti utafiti umethibitisha zina faida zaidi. Ni kweli? Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Mwaka 2015 watafiti Corinne Post na Kris Byron walijumlisha tafiti 140 kuhusu wanawake katika bodi. Uhusiano na faida ya vitabuni, yaani ile ya kwenye hesabu za kampuni, ulikuwepo, ila mdogo sana. Uhusiano na thamani ya sokoni, yaani jinsi soko la hisa linavyoithamini kampuni, ulikuwa karibu sifuri. Tena uhusiano hauonyeshi kipi kilitangulia. Kampuni kubwa yenye fedha ndiyo humudu kulea viongozi wanawake, kwa hiyo pengine faida ilikuja kwanza, uteuzi ukafuata.

Tazameni hapa nyumbani. Ruth Zaipuna alithibitishwa kuongoza benki ya NMB mwaka 2020, na hadi 2023 faida ilipanda kila mwaka. Lakini benki ya CRDB chini ya Abdulmajid Nsekela nayo ilipanda kila mwaka kipindi hichohicho. Katika sekta nzima, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilishuka kutoka takriban asilimia 9 hadi chini ya 5. Upepo huo ulizisukuma benki zote mbili. Hilo halimpunguzii Zaipuna sifa. Linaonyesha tu kwamba jinsia ya kiongozi si kipimo cha kununulia hisa.

Chukueni hesabu zilizokaguliwa, miaka 3 kabla ya kiongozi kuingia na 3 baada. Gawanyeni faida baada ya kodi kwa wastani wa mtaji wa wanahisa. Faida ikiwa bilioni 40, mtaji bilioni 180 mwanzoni mwa mwaka na 220 mwishoni, wastani ni 200, jibu asilimia 20. Kisha linganisheni na kampuni 2 au 3 za sekta ileile, miaka ileile. Benki msiipime na kiwanda cha saruji, maana benki hufanyia kazi amana za wateja na mtaji wake ni mdogo ukilinganisha na mali zake. Mwaka wa kwanza wa uongozi pia hudanganya: kiongozi mpya, mwanamume au mwanamke, mara nyingi hufuta madeni mabovu aliyoyakuta. Faida huanguka, halafu mwaka unaofuata huonekana kama muujiza.

SWALI: Je, kulazimisha idadi ya wanawake viongozi kwa sheria kunasaidia? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Kwenye bodi, ndiyo. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003, na kufikia 2008 bodi za kampuni kubwa za hisa zilitakiwa kuwa na angalau asilimia 40 ya kila jinsia, la sivyo kampuni ivunjwe. Bodi zilibadilika, viti vya watendaji wakuu vilibaki kwa wanaume wengi. Mtendaji mkuu kwa kawaida hutoka idara zinazoingiza fedha, na wanawake wengi hupangwa rasilimali watu na mawasiliano. Kampuni inayotaka mabadiliko ianzie kwa mameneja wa matawi, mauzo na uzalishaji: kila usaili wa mwisho uwe na wanawake wawili au zaidi, maana mmoja peke yake huwa wa kujazia orodha.