Sheria za FAI au za nyumbani? Kwa wanaoanza mashindano ya glaida Marekani

Ukikaa siku mbili kwenye uwanja wowote wa mashindano ya glaida (ndege zinazoruka bila injini) Marekani, utakuta watu wanabishana: je, mashindano ya taifa yaendeshwe kwa sheria za kimataifa za FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, au yabaki na sheria za chama cha glaida cha nyumbani, SSA? Mgeni huombwa kuchagua upande kabla hajajua kinachobishaniwa. Usichague bado. Anayekwambia "tufuate FAI", muulize kwanza: sehemu ipi? Namna ya kuanza, aina ya safari (yaani kazi ya siku wanayopangiwa marubani), namna ya kumaliza, au fomula ya pointi? Hayo ni mambo manne, na kila moja lina jibu lake.

Sheria za nyumbani hazikuzuka kwa ukaidi. Mashindano ya taifa ya Marekani yalianza Elmira, New York, mwaka 1930. Ya dunia yalifuata Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937. Wamarekani walikuwa na desturi zao tayari. Tena si kweli kwamba nchi nyingine zote zinafuata FAI neno kwa neno. Uingereza ina kitabu chake cha sheria za mashindano, na Ujerumani nayo ina chake. Ukisikia mtu anasema "dunia nzima", punguza kidogo.

Tuanze na fomula, maana ndiyo inayobadilisha tabia za marubani angani, na ndiyo wengi hawajawahi kuikokotoa kwa mkono.

Kwa FAI, siku hupewa kwanza thamani yake ya juu, ambayo haizidi 1000. Chukua umbali wa aliyefika mbali zaidi kwa kilometa, zidisha kwa 5, toa 250. Kisha chukua muda wa mshindi kwa saa, zidisha kwa 400, toa 200. Kati ya majibu hayo mawili na 1000, dogo kuliko yote ndilo thamani ya siku. Kwa hiyo safari ya kilometa 300 ikimalizwa kwa saa 2 na nusu inabaki na pointi 800 tu, ingawa umbali ulitosha kabisa. Mpangaji wa safari aliyezoea safari fupi za mchana hugundua jioni kwamba siku nzuri imekatwa moja ya tano.

Thamani hiyo hugawanywa: sehemu ya kasi na sehemu ya umbali. Sehemu ya kasi ni theluthi mbili ya thamani ya siku, mara uwiano wa waliomaliza kwa kasi inayozidi theluthi mbili ya kasi ya mshindi. Inayobaki ni ya umbali. Aliyemaliza hupata umbali wote pamoja na pointi za kasi, na kasi hiyo huanza kuhesabiwa kutoka theluthi mbili ya kasi ya mshindi, si kutoka sifuri.

Chukua marubani 10, safari ya kilometa 360, mshindi akiruka kasi ya kilometa 120 kwa saa, yaani saa tatu kamili. Siku ina 1000. Wote wakimaliza, kasi ina 667 na umbali 333. Rubani wa kasi 108, yaani asilimia 90 ya mshindi, anapata saba ya kumi za 667, ambazo ni 467, ongeza 333: jumla 800. Kwa mfumo uliozoeleka wa SSA pointi za kasi huenda sambamba na kasi yenyewe, hivyo rubani huyohuyo angepata karibu 900. Kasi yako imepungua asilimia 10. Kwa SSA umepoteza 100, kwa FAI 200.

Sasa, bado kwa FAI, watu watatu watue mashambani bila kumaliza. Sehemu ya kasi inashuka hadi 467, ya umbali inapanda hadi 533. Rubani wetu wa 108 hajabadilisha chochote, lakini sasa ana 860. Aliyetua baada ya kilometa 288, yaani asilimia 80 ya njia, ana 427. Kosa la wenzako limekuinua wewe. Na anayemaliza kwa kasi ya 75 hapati hata pointi moja ya kasi; analingana na aliyetua hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia. Hesabu ikiwa hivyo, rubani mwenye akili hataki kuwa peke yake. Atasubiri, aanze nyuma ya wenye nguvu, azunguke nao kwenye hewa moja inayopanda, kisha awapite mwishoni. Marubani wanaolalamika kwamba mashindano ya dunia yamejaa makundi ya glaida zinazozunguka bawa kwa bawa hawasemi uongo, na kwa maoni yetu fomula ina mchango mkubwa kuliko tabia ya watu.

Kuanza nako kuna mambo. Mfumo wa Marekani umezoea duara kubwa la kuanzia, nusu kipenyo maili 5, na kimo cha juu ambacho lazima ukae chini yake dakika 2 kabla ya kutoka. Umbali wako huhesabiwa kutoka pale ulipotokea, hivyo marubani hutawanyika. FAI hutumia zaidi mstari: wote wanaukaribia upande mmoja, na mchezo wa kuviziana unapamba moto. Ili kuupunguza, FAI ilileta utaratibu wa kubonyeza kitufe cha tukio kwenye kinasa safari. Ukibonyeza, unasubiri dakika zilizotangazwa, kisha dirisha lako linafunguka kwa dakika chache. Ukianza nje ya dirisha, kuna adhabu.

Aina za safari hazina ugomvi mkubwa kama watu wanavyodhani. Safari ya maeneo yenye muda wa chini ni ileile kwa jina tofauti. Tofauti ya kweli ni ile safari ya Marekani ambapo rubani hupewa kituo kimoja au viwili vya lazima, kisha akachagua mwenyewe vingine hadi muda utimie. FAI haina hiyo. Na sababu ya kuwepo kwake inaonekana kwenye daraja la Sports, linalochanganya glaida za uwezo tofauti, ambapo Schweizer 1-26, inayoshuka mita moja kwa kila 23 za kwenda mbele, inaweza kupangwa na glaida ya kisasa yenye uwezo mara mbili. Ukiwapa hao wawili njia moja iliyofungwa siku ya upepo wa mbele, yule wa 1-26 atalala shambani. Hendikapu, yaani kipimo cha kusawazisha glaida za uwezo tofauti, inarekebisha pointi. Haimrudishi mtu nyumbani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mashindano ya taifa yanayochagua timu ya kwenda kwenye mashindano ya dunia yatumie FAI, na yaitumie yote: mstari, kitufe, duara dogo la kituo cha kugeukia, fomula, hata ruhusa ya marubani wa timu moja kusaidiana kwa redio, jambo ambalo kwa mapokeo Marekani imelizuia. Kuchukua fomula peke yake na kuacha mengine ni kupata makundi bila kupata mazoezi. Mashindano ya mikoa na daraja la Sports yabaki na sheria za nyumbani, kwa sababu huko ndiko wageni wanakoingia, na mgeni anayetua shambani siku tatu mfululizo harudi mwaka unaofuata. Gharama ya kuwa na mifumo miwili ipo: waandaaji watajifunza programu mbili za kuhesabu pointi, SeeYou pamoja na Winscore, na marubani watasoma vitabu viwili ambavyo vyote hurekebishwa mara kwa mara. Soma toleo la mwaka husika, si nakala uliyopewa na rafiki.

Ukijiandikisha kwenye mashindano ya FAI ukitokea mfumo wa nyumbani, shida yako ya kwanza itakuwa kompyuta ya ndege. Kituo cha kugeukia kwenye njia ya mbio kina nusu kipenyo cha mita 500. Marekani wamezoea maili 1, sawa na mita 1,600 hivi. Ukisahau kubadilisha, kompyuta itakupigia kengele ukiwa bado kilometa moja na zaidi nje ya duara, utageuka kwa furaha, na jioni utahesabiwa kama uliyetua pale. Futa faili la zamani la safari, usilihariri, kwa sababu kompyuta nyingine huhifadhi ukubwa wa duara pamoja na kituo. Badilisha na vipimo pia: kimo cha kumalizia kikitangazwa kwa mita huku altimita yako ikisoma futi, andika namba zote mbili kwenye karatasi ya gotini kabla ya kupaa.

Kisha jaribu kitufe. Paa siku ya mazoezi, bonyeza mara moja na uandike saa, tua, halafu fungua faili la .igc linalotoka kwenye kinasa kwa programu ya kawaida ya maandishi. Tafuta mstari unaoanza na herufi E, tarakimu sita za saa, kisha PEV (alama ya kubonyeza kitufe), kwa mfano E174533PEV. Saa hiyo ni ya UTC, kwa hiyo usishangae ikitofautiana na ya mkononi. Kama mstari haupo, kitufe hakijaunganishwa na kinasa ulichokisajili, au kimeunganishwa na kifaa kingine kwenye dashibodi. Tengeneza kabla ya siku ya ukaguzi. Na kama unabeba kinasa cha akiba, bonyeza na cha akiba. Cha kwanza kikigoma hewani, mhesabu pointi atasoma hicho.