Kwa mwanangu anayetaka kuvuka Unguja peke yake

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na yule paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la randa zangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kwanza unacheka, halafu unashusha sauti na kuuliza: "Baba, nikienda Mji Mkongwe peke yangu hizo siku nne, si nitaonekana kama mtu aliyekimbiwa na wenzake? Na jioni nitakaa na nani?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu mama yako angeninyang'anya, na jibu lake unalijua.

Nenda, mama.

Mimi mara ya kwanza kuvuka ilikuwa 1989, nina miaka 24. Sikwenda kutembea. Fundi aliyenifunza kazi alinituma nikapime mlango mmoja wa kule, kwa sababu tajiri wa hapa Tanga alitaka wa kufanana nao. Akanipa futi, daftari na nauli ya jahazi la mizigo. Kazi ya saa moja. Nilifika mbele ya mlango ule saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilikuwa bado nimekaa kwenye baraza ya nyumba inayouelekea, na jahazi limeshatweka.

Kilichonishika ni hiki. Wewe ukiuona mlango wa Unguja utatazama misumari yake ya shaba, kama wanavyofanya wote. Misumari hiyo ni mtindo uliotoka India. Tazama katikati. Ule mti uliosimama kuziba mpenyo wa mbao mbili unaitwa mfaa, na fundi mwenye majivuno alimalizia ufundi wake pale. Chini ya miimo mara nyingi kuna samaki, au kitu kilichokuwa samaki kabla ya vizazi vya wachongaji kumgeuza ua. Pembezoni hupanda mnyororo. Watembeza wageni watakwambia kila alama ina maana yake: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi. Mimi nina shaka zangu. Fundi huchonga alichochonga mwalimu wake, maana huifuata kazi baadaye. Kizingiti cha juu kikiwa kimenyooka, mtindo ni wa zamani. Kikiwa cha upinde, umekuja nyuma, na una mkono wa Kihindi. Na pale juu, penye maandishi ya Kiarabu, tafuta mwaka. Ukikuta 1300 usishangae, ni Hijria. Kwa hesabu yetu ni 1882 kuingia 1883, zama za Sultani Barghash alipojenga jumba la Beit el-Ajaib.

Haya yote niliyaona kwa sababu sikuwa na mtu. Ningekuwa na mwenzangu, saa nne na nusu angenivuta shati, twende tukale. Halafu kuna bibi mwenye mlango. Mara ya kwanza alitoka akanitazama tu. Mara ya pili akaniuliza kama nimetumwa na mtu anayemdai. Mara ya tatu akaja na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akaketi, akanihadithia nani kaishi ndani ya nyumba ile na nani kafia humo. Magharibi ilipoingia akamwita mjukuu wake, nikapelekwa kulala kwa jamaa zao Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Vijana wawili wangekaa kwenye baraza ile wakipiga soga zao, bibi asingetoka.

Lakini mimi nilikuwa mwanaume mwenye futi mkononi. Wewe si mimi, na sitajifanya najua. Kwa hiyo nimemuuliza shangazi yako, aliyevuka kufuata nguo miaka mingi bila kusindikizwa. Anasema hivi. Fikia nyumba ya wageni yenye mwanamke mapokezi, na uingie mchana. Chukua mtandio, ufunike mabega. Mji ule watu wanaishi na kuswali, si pwani ya hoteli. Papasi, wale vijana wa kuganda wageni kama kupe, usibishane nao wala usiwaambie uko peke yako. Sema "nasubiriwa", tembea. Vichochoroni saa za usiku usipite kwa ushujaa. Na salamu, mwanangu. Mzee yeyote aliyekaa barazani, shikamoo kwanza, ndipo uulize njia.

Kupotea utapotea, wala si balaa. Mji Mkongwe ni kama ulimi uliotoka kuelekea baharini: shika njia moja bila kugeuka sana, utatokea ama pwani ama Darajani sokoni. Vichochoro ni vyembamba ili kivuli cha nyumba hii kiangukie ile. Vyumba navyo utaviona virefu na vyembamba, na hapo hesabu ni ya boriti. Mti wa mkoko unaobeba dari hauvuki sana mita tatu, basi na chumba hakivuki. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yao ni maji. Krismasi ya 2020 niliposikia redioni kwamba upande wa Beit el-Ajaib umeporomoka na watu wawili wamekufa, nililiacha jembe shambani nikaketi chini.

Jioni, uliyoulizia. Kahawa ya kijiweni Jaws Corner ni nzuri na mazungumzo yake matamu, ila wakaaji wengi ni wanaume. Kunywa kikombe chako na kashata alasiri, ondoka ukiwa bado unafurahi. Magharibi nenda bustani ya Forodhani. Kina mama wa mjini huja pale na watoto wao kupunga upepo, na mtu aliyekaa ukutani na sahani yake hakuna anayemuuliza kitu. Uliza bei kabla hujanyoosha kidole kwenye mshikaki. Urojo lakini kaule mitaani, kwa mama anayeuza mlangoni pake.

Mahali pamoja nakuomba uende asubuhi, na usiende na mtu wa kuongea: kanisa la Mkunazini. Pale palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na mwaka uleule ujenzi wa kanisa ukaanza. Askofu Steere aliyeusimamia alisafiri kidogo, na husimuliwa kwamba aliporudi alikuta mafundi wamesimamisha nguzo za marumaru kichwa chini miguu juu. Akaziacha. Zipo mpaka leo. Mimi nilicheka peke yangu kanisani kama mwehu. Nje yake kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu wenye minyororo shingoni, zimewekwa 1998. Sikucheka tena siku ile nilipoziona.

Kuhusu njia sina mengi. Treni ya SGR kutoka huko uliko mpaka Dar, kisha boti, kama saa mbili. Tiketi kata ofisini, si kwa anayekukimbilia getini. Kitambulisho cha taifa kiwe mkononi. Ikiwa ni miezi ya kusi, kaa nyuma, chini, na usile chapati za mafuta asubuhi ile.

Ndani ya bahasha hii utakuta futi yangu, ileile. Mlango wangu sikumbuki uko mtaa gani, nadhani Kiponda, na bibi yule hatunaye tena. Ila mwimo wake wa kushoto una samaki aliyekatika mkia. Ukiuona, nipimie upana wa mfaa. Siku ile ya kurudi wimbi liliingia jahazini likalowesha daftari, namba zote zikafutika, na yule tajiri nilimtengenezea mlango wa kubahatisha. Bado uko barabara ya nane, na kila nikipita pale nageuza uso.

Baba yako