Kabla ya kudiferenshieti nishati ya kapasita, angalia betri imeunganishwa au imechomolewa

Mkuu, umeuliza kwa nini kani kati ya mabamba ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) inatoka na alama ya ajabu, na nusu kwenye kani hiyo inatoka wapi. Futa hiyo alama ya kutoa ya F = −dU/dx kabla hujafika mbali. Una mabamba mawili ya sentimita za mraba 100, yameachana milimita 1, betri ya volti 1,000 bado imeunganishwa. Umechukua nishati U = ½CV² (C ni kapasitansi, V ni volti), ukaweka C = ε₀A/x (ε₀ ni namba isiyobadilika ya umeme, A ni eneo la bamba, x ni umbali kati ya mabamba), ukadiferenshieti, ukatumia F = −dU/dx, ukapata kani chanya, yaani x inataka kuongezeka na mabamba yanasukumana. Chaji chanya na hasi zisukumane tangu lini? Kosa hili hili liliwahi kunila swali zima, kwa sababu kila kipengele kilichofuata kilibeba alama mbovu ya mwanzo.

Kudiferenshieti umefanya sawa kabisa. Kilichokuangusha ni sharti. F = −dU/dx inafaa pale ambapo kazi yote inatoka kwenye U peke yake. Betri ikiwepo, nayo inatia mkono.

Fuata hesabu uone. Sogeza mabamba kutoka milimita 1 hadi 0.9. Kapasitansi inapanda kutoka pikofaradi 88.5 hadi 98.4. Volti hazijabadilika, kwa hiyo betri imeongeza chaji ya nanokulombi 9.84, na kuipitisha kwenye volti 1,000 kumeigharimu maikrojuli 9.84. Sasa angalia nishati ya kapasita: imepanda maikrojuli 4.92 tu. Nusu nyingine imekwenda wapi? Ndiyo kazi iliyofanywa na mabamba yakivutana. U imepanda na bado yamevutana, maana mlipaji ni betri, tena kalipa mara mbili ya kilichoingia kwenye kapasita.

Basi kabla hujagusa x, andika pembeni ya karatasi herufi moja: Q (chaji) au V. Betri imechomolewa, Q haibadiliki: tumia U = Q²x/(2ε₀A) na F = −dU/dx. Betri imeunganishwa, V haibadiliki: tumia U = ½CV² na F = +dU/dx. Jaribu zote mbili kwa mabamba yako, ukiweka Q = nanokulombi 88.5. Utapata nyutoni 0.0443 kwa kila njia, ya kuvutana. Na lazima zilingane, kwa sababu kwa wakati ule bamba lina chaji ile ile, betri iwepo isiwepo.

Kinachoniudhi ni vile vitini vya fotokopi vinavyoweka F = −dU/dx ndani ya kiboksi, eti "kariri", bila neno moja kuhusu betri. Huko ni kuwadhulumu wanafunzi. Mstari mmoja wa sharti ungetosha.

Na aliyekujibu hapo juu kwamba F = QE, yaani chaji mara uga wa umeme E, asikupoteze. Uga kati ya mabamba ni volti milioni 1 kwa mita, kwa hiyo QE inatoa nyutoni 0.0885, mara mbili ya jibu sahihi. Chaji imekaa kwenye tabaka jembamba la uso wa bamba, na ndani ya tabaka hilo uga unapanda kutoka sifuri hadi E. Ukiintegreti kani kwenye tabaka lote, wastani unatoka E/2. Ndiyo ile nusu uliyouliza.

Herufi ile ile inakuokoa hata ukiingiza kioo katikati. Chukua bamba la upana wa sentimita 10, kioo cha κ = 5 (kinaongeza kapasitansi mara tano pale kilipo) kinachojaza unene wote wa nafasi kati ya mabamba lakini kimeingia sehemu tu, betri ikiwa imeunganishwa. F = ½V²·dC/dx, na dC/dx = ε₀b(κ − 1)/d, ambapo x sasa ni urefu wa kioo kilichoingia ndani, b ni upana na d ni ile milimita 1. Unapata takriban nyutoni 0.0018, kioo kikivutwa ndani. Ukitumia alama ya kutoa hapo, karatasi yako itasema kioo kinatemwa nje.