Saini ni yako, si ya bosi

Wiki hii kijana mmoja aliyesomea ufundi wa ndege pale Mabibo kaniandikia: "Shikamoo kaka. Msimamizi wangu anasema nina maswali mengi, nachelewesha ndege. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, pole. Na hongera pia.

Enzi niko kwenye kampuni ambayo siitaji, tulimaliza kazi ya injini saa kumi alfajiri, ndege inatakiwa kuruka saa kumi na mbili. Nikafungua sanduku la zana. Kila zana ina nafasi yake iliyochongwa kwenye sponji, na nafasi ya tochi ndogo ilikuwa tupu. Nikasema sisaini kwamba ndege iko salama kuruka mpaka ionekane, isije ikawa imesahaulika ndani ya injini. Tukafungua tena vifuniko vya injini, tukapapasa kila pembe, jasho linatiririka, simu za ofisini hazikatiki. Bosi akanifokea nisaini. Nikamwomba aandike agizo hilo kwenye karatasi ya kazi na aweke jina lake; akaenda kuvuta sigara. Abiria wakachelewa. Tochi ikaja kuonekana mfukoni mwa ovaroli ya mwenzetu aliyekwishafika Gongo la Mboto, amelala.

Toka hapo nikaitwa Mzee Tochi. Majina ya waliopandishwa cheo yalipobandikwa, langu halimo. Mpaka leo wapo wanaonimulika kwa simu tukikutana Kipawa. Nacheka nao, lakini inauma.

Anayedhani ule ulikuwa ubishi asome habari za ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga Juni 10, 1990. Kioo cha mbele kilichomoka angani, rubani mkuu akavutwa nusu mwili nje, wahudumu wakamng'ang'ania mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton. Alipona, ashukuriwe Mungu. Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla, zamu ya usiku, watu wachache. Fundi alilinganisha boliti mpya na za zamani kwa macho, hakuhakikisha namba zake kwenye kitabu cha vipuri. Kati ya boliti 90, 84 zilikuwa nyembamba kwa chini ya milimita moja, nyingine fupi. Na alikuwa fundi mzoefu, mwenye sifa nzuri! Mzembe angetiliwa shaka mapema.

Mwaka 1993 Gordon Dupont wa Kanada aliorodhesha mambo 12 yanayowaponza mafundi: uchovu, shinikizo, mazoea, kushindwa kusema, na mengineyo. Kwenye mafunzo tunayakariri kama sala, tukiingia hanga, karakana ya ndege, tunayaacha mlangoni.

Kwa hiyo uliza. Ukichoka, sema. Usisaini kazi usiyoiona. Narudia, usisaini kazi usiyoiona. Ajali ikitokea bosi atasema alikuamini. Ninyi vijana mnakimbilia cheo, mnaogopa kuonekana wabishi. Sasa zamu nasimamia mimi, na sanduku lisipotimia sipokei simu ya mtu. Mkikabidhiana kazi, acheni kutumiana "kila kitu poa" kwenye WhatsApp. Andikeni kwenye kitabu boliti ipi imekazwa na ipi bado, na anayepokea aende akaishike kwa mkono wake.